Jembe la Ufipa: Habari za Wafua Chuma wa Zamani na Fundisho Lao kwa Ushirika

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya chama chetu kikuu, wenzangu wameandika habari za mahindi na maharage, za maghala, za mizani na za mikopo. Mimi nimepewa kazi ya kuandika habari za kale. Nimechagua jembe, kwa kuwa hapana mwanachama hata mmoja ambaye maisha yake hayakuanza nalo. Tena majembe yaliyopangwa ghalani kwetu, kila moja na chapa ya kiwanda cha mbali, yametusahaulisha ya kwamba nchi hii ilikuwa ikijitengenezea majembe yake yenyewe, na kuyauza kwa majirani.

1. Tanuri za wazee

Mtu apitaye katika nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, bado aweza kuona mahali kwingi magofu ya minara ya udongo. Hizo ndizo tanuri za kuyeyushia chuma, ambazo kwa Kifipa huitwa malungu, na moja yake ni ilungu. Nyingine zimebaki ukuta nusu, na nyingine zimebaki duara tu ardhini, pamoja na chungu za mavi ya chuma zilizotupwa kando. Tanuri nzima ilifikia kimo cha mita 3 hivi, yaani karibu mara mbili ya kimo cha mtu. Ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo ule hushikamana vizuri na huvumilia moto. Kwa hiyo tanuri nyingi hukutwa karibu na vichuguu, maana wazee hawakuona faida ya kuubeba udongo kutoka mbali.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi, wakati mashamba yalipokuwa yamepumzika na kuni zilipokuwa kavu. Watu wengine walichimba mawe yenye chuma, wengine walikata miti migumu na kuchoma makaa, na wengine walijenga. Chini ya tanuri yaliachwa matundu kuzunguka pande zote, na ndani yake ikawekwa mirija ya udongo ya kupitishia hewa. Kisha tanuri ikajazwa makaa na mawe, tabaka juu ya tabaka, na moto ukawashwa.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Tanuri hii kubwa haikuvuviwa kwa mivukuto. Urefu wake ndio uliokuwa mvukuto wake, kwa maana hewa ya moto ilipopanda juu, ilivuta hewa nyingine kuingia kwa chini, kama vile bomba la moshi livutavyo. Moto ukawaka hivyo kwa siku kadhaa, mchana na usiku, pasipo mtu kuvuvia. Wenye kulijua jambo hili bila ya kusoma kitabu cha elimu ya viumbe na nguvu zake hawakuwa wajinga hata kidogo.

Kilichotoka mle hakikuwa chuma safi. Kilikuwa bonge lenye matundu kama sega la nyuki, limechanganyika na taka. Bonge lile likavunjwa na kutiwa katika tanuri ya pili, iliyokuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyovuviwa kwa mivukuto. Baada ya hapo ndipo mhunzi alipolichukua, akalipasha moto na kulifua, akalipasha tena na kulifua tena, hata likawa jembe, shoka, mkuki au kisu.

Tanuri ilihesabiwa kuwa ni bibi arusi. Iliombewa na kufanyiwa mambo ya arusi kabla ya kuwashwa, na bingwa wa kazi alikuja na kikapu chake cha dawa, ambazo yeye peke yake alizijua. Wafua chuma walitengana na wake zao mpaka kazi iishe, na wanawake walikatazwa kuikaribia tanuri ilipokuwa ikiwaka. Nimelitaja jambo hili si kwa kulicheka. Nitalirudia mbele, kwa kuwa limebeba sababu moja ya kutoweka kwa kazi hii.

2. Jembe katika maisha ya watu

Jembe la Ufipa lilitakiwa kuwa pana na zito, na sababu yake ni kilimo chenyewe. Wakulima wetu, mvua zinapokaribia kwisha, hulima majani na kuyafunika kwa udongo, wakifanya matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Majani huoza chini ya udongo na kuwa mbolea. Katika matuta hayo hupandwa maharage na mazao mengine, na msimu ufuatao matuta husambazwa ili shamba lipandwe ulezi au mahindi. Ndivyo ardhi isiyo na rutuba nyingi ilivyolisha watu kwa vizazi vingi bila ya mfuko mmoja wa mbolea ya dukani. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa jembe jepesi.

Mbali na shamba, jembe lilikuwa mali ya akiba. Lilitolewa mahari. Lilibadilishwa kwa mbuzi, kwa chumvi na kwa nafaka. Hilo halikuwa la Ufipa tu. Wapare walifua chuma na kukipeleka Uchagani, na majembe ya Usukuma na Uzinza, kazi ya mafundi waitwao Warongo, yalifika mbali mikononi mwa wafanya biashara wa Kinyamwezi. Msafara wa majembe ulikuwa ukipita katika nchi hii kabla ya msafara wa pembe za ndovu kuvuma.

Kadhalika katika bonde la Rukwa watu walipanda pamba, wakaisokota na kuifuma nguo wao wenyewe. Nguo hiyo ilikuwa nzito na ya kudumu, na wasafiri wa karne ya 19 waliopita huku waliisifu. Basi tusidanganyike ya kwamba babu zetu walikuwa wakingoja tu kuvikwa na kupewa zana na wageni.

3. Jinsi moto ulivyozimika

Watu wengi husema kwamba majembe ya kigeni yaliyashinda yetu kwa uzuri. Jibu hilo ni jepesi mno. Mambo matatu yalikutana kwa wakati mmoja.

La kwanza ni kodi. Tangu mwaka wa 1898 serikali ya Wajerumani ilitoza kodi ya nyumba, na baadaye serikali ya Waingereza ikaendelea kutoza. Kijana aliyekuwa akichimba mawe na kuchoma makaa kiangazi sasa alipaswa kutafuta fedha, na fedha zilikuwa katika mashamba ya mkonge ya pwani. Akaondoka katika miezi ile ile ambayo tanuri ilimhitaji.

La pili ni usafiri. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914. Jembe la kiwandani, ambalo zamani lilikuwa mzigo wa gharama kubwa kichwani mwa mpagazi, sasa lilifika kando ya Ziwa Tanganyika kwa bei ya chini. Nguo ya dukani nayo ikaja kwa njia hiyo hiyo, na vitanda vya wafumaji wa Rukwa vikanyamaza.

La tatu ni letu wenyewe, nalo ndilo nilitakalo tulifikiri. Kazi ya tanuri ilikuwa ya watu wengi, lakini elimu yake ilikuwa ya mtu mmoja. Wachimbaji walijua kuchimba, wachoma makaa walijua kuchoma, bali siri ya kuchagua mawe, ya kujua kiasi cha makaa na ya kusoma rangi ya moto ilikaa kwa bingwa, imefunikwa pamoja na dawa katika kikapu chake. Alimrithisha mwanawe au mpwawe. Mwana alipokwenda mkongeni asirudi, au aliporudi bila hamu ya kurithi, bingwa alizikwa na elimu yake. Wanawake nao, ambao mikono yao ndiyo iliyolijua jembe kuliko mikono ya wote, hawakuwa na neno lolote katika kulitengeneza.

Mwaka wa 1937 mwandishi mmoja aitwaye Greig alichapisha habari za uyeyushaji wa chuma Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka wa 1958 Wise naye akaandika humo humo juu ya kazi hiyo na mila zake. Tunawashukuru. Lakini yafaa tujiulize: kwa nini sehemu kubwa ya yale tunayoyasoma leo juu ya kazi ya babu zetu iliandikwa na wageni, nasi tulikuwapo?

Kwa upande wa Bukoba mambo yalikwenda vizuri zaidi kidogo. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya, waliokuwa wameifanya kazi hii au kuiona katika ujana wao, walikubali kujenga tanuri tena mbele ya watafiti. Mwaka wa 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakatangaza katika jarida la Science ya kwamba watu wa magharibi ya Ziwa Victoria walikuwa mafundi hodari wa chuma yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wazee wale wangalichelewa miaka michache tu, hapangalikuwa na wa kuulizwa.

4. Baada ya Uhuru

Taifa letu lilipopata Uhuru mwaka wa 1961 halikulidharau jembe. Liliwekwa katika Ngao ya Taifa pamoja na shoka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 vikajengwa viwanda vya zana, cha Ubungo kwa msaada wa China, na baadaye cha Mbeya, kilichokuwa jirani yetu zaidi. Kwa miaka kadhaa mkulima alishika jembe lililotengenezwa Tanzania. Walakini mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali, na havikuruhusiwa kurudi mpaka sheria ya mwaka wa 1982. Biashara ilipofunguliwa, majembe ya bei rahisi kutoka nje yakajaa, na viwanda vile vikadhoofika. Kwa hiyo habari ya tanuri ilijirudia mara ya pili, safari hii kwa mashine za umeme.

Hata hivyo wahunzi hawakwisha. Katika vijiji vya vyama vyetu vya msingi wapo watu wanaofua mundu, visu, mashoka na hata majembe kwa springi za magari makuukuu. Hawayeyushi mawe tena, lakini fuawe, koleo na mvukuto ni vile vile. Mwanachama ambaye jembe lake limepinda katikati ya msimu hamwendei mwenye kiwanda. Humwendea mhunzi.

5. Neno kwa Mkutano Mkuu

Mbele ya Mkutano Mkuu ujao liko pendekezo la kwamba ghala letu linunue mundu na mashoka kwa wahunzi wa hapa, na kwamba chama kiwanunulie springi kwa jumla ili wazipate kwa bei nafuu. Wako wajumbe wanaolipinga, wala hoja zao si za kipuuzi. Wanasema ya kwamba kazi ya wahunzi hailingani, kisu hiki kigumu na kile laini, na ya kwamba bei yao inapita ya dukani. Fedha za chama ni fedha za mkulima, na haifai kuzitumia kwa huruma.

Nawajibu kwa mfano wa maharage yetu. Chama kilipoanza, wanunuzi waliyakataa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hayalingani. Hatukuacha kulima maharage. Tuliweka madaraja, tukafundishana kuchambua, tukaandika vitabuni kila gunia limetoka kwa nani, na wanunuzi wakarudi. Kisu nacho chaweza kupimwa, kutiwa alama ya mfuaji wake na kurudishwa kikiwa kibovu. Kuhusu bei, hesabu ya haki ni ile inayouliza chombo kitadumu misimu mingapi, na si ile ya siku ya kununua peke yake.

Lakini naomba tuongeze sharti moja, ambalo wazee wa malungu hawakulitimiza. Kila mhunzi atakayepewa kazi na chama akubali kufundisha vijana, wa kiume na wa kike, na namna ya kazi yake iandikwe katika daftari la chama: chuma gani kinafaa, kipashwe mpaka rangi gani, kizimwe kwa maji wakati gani. Ushirika hauna kikapu cha siri. Vitabu vyetu vya hesabu viko wazi kwa mwanachama yeyote, na elimu ya kazi yafaa iwe hivyo hivyo.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na kichwa kimoja hakitunzi ufundi wa nchi nzima. Moto wa malungu haukushindwa na mvua wala upepo. Ulizimika kwa kuwa waliojua kuuwasha walikuwa wachache, na hao wachache hawakuwa na chama. Sisi tunacho, na kina miaka kumi. Wajumbe watakapoinua mikono yao juu ya pendekezo hili, na wapige kura wakilijua hilo.