Teatro Olimpico ya Vicenza: nyumba iliyojengwa na chama

Tukisikia habari ya teatre ya zamani huko Ulaya, mara moja tunafikiri mfalme na feza zake. Kwa Vicenza, mji wa kaskazini ya Italia, haikuwa vile. Wakati ule mji ulikuwa chini ya utawala wa Venezia, na hakuna mfalme aliyekaa pale. Nyumba yake ya michezo ilijengwa na chama cha wenyeji.

Katika mwaka wa 1555, watu 21 walianzisha Accademia Olimpica. Kati yao kulikuwa wakubwa wa mji na wenye elimu, na pia Andrea Palladio, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchonga mawe. Miaka mingi walichezea michezo juu ya majukwaa ya mbao. Kisha sikukuu, yote inabomolewa. Mwaka wa 1580 wakapewa nafasi ndani ya ngome ya zamani iliyokuwa gereza. Palladio alichora plani, lakini akafa mwezi wa nane wa mwaka ule ule. Mwana wake Silla, halafu Vincenzo Scamozzi, wakaendelesha kazi.

Mawe ya marmari ni ya bei kali, basi walitumia mbao na plasta, wakaigiza marmari. Sanamu za wanachama wenyewe zikasimamishwa ukutani, wamevaa kama Waroma wa zamani. Nyuma ya milango ya jukwaa Scamozzi alijenga barabara saba za mji wa Tebe: sakafu inapanda, nyumba zinapungua, na jicho linadanganyika ya kama barabara ni ndefu sana.

Tarehe 3 mwezi wa tatu 1585 walifungua kwa mchezo wa Sofokle, Edipo mfalme. Luigi Groto, mtunga mashairi kipofu, alicheza Edipo aliyepofuka.

Zile barabara za mbao zilitengenezwa kwa mchezo ule mmoja tu. Lakini hakuna aliyezibomoa. Hata leo zinasimama, na tangu 1994 zimo katika urithi unaolindwa na UNESCO. Hata hivyo kuna jambo la kufikiri: kisha 1585 michezo ilikuwa haba sana ndani yake kwa muda mrefu. Siku hizi wanacheza tena, lakini kwa uangalifu, watu wakihesabiwa, juu mbao zile ni zee. Sisi wa vyama vya utamaduni tuone yote mawili: kulinda nyumba ni kazi, na kuipa sauti ni kazi ingine.