Kashasha 1962: Walitafuta sumu kwenye damu

Leo tuongee historia kidogo. Wengi mmeshasikia kisa cha "ugonjwa wa kucheka wa Tanganyika". Huko nje wanakisimulia kama kichekesho, eti watu wa Bukoba walicheka mwaka mzima bila kupumzika. Jamani, hakuna binadamu mwenye mapafu ya namna hiyo! Tatizo ni kwamba hata sisi vijana wa mjini tunakipokea hivyo hivyo, tunacheka, tunaendelea na mambo yetu. Sasa hebu tuangalie kilichotokea.

Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba tu baada ya Uhuru, wasichana watatu walianza kucheka katika shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, ambapo leo ni wilaya ya Muleba. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walikuwa wa umri wa miaka 12 hadi 18. Walimu hawakuguswa hata mmoja. Kicheko kilikuja na kuondoka, kikichanganyika na kilio na mahangaiko, na ukimshika kwa nguvu alikuwa mkali. Kwa wengine kilikwisha kwa saa chache, kwa wengine kilifika siku 16.

Wasichana waliporudishwa makwao, balaa likawafuata. Nshamba walipatwa watu 217. Mwezi Juni ikawa zamu ya shule ya wasichana ya Ramashenye, jirani na mji wa Bukoba, 48 kati ya 154. Wahaya wenyewe waliuita ugonjwa wa kucheka, wengine wakasema ni akajanja, yaani wazimu. Wapo waliohisi unga una sumu, na wapo waliosema hewa imechafuliwa na majaribio ya mabomu ya atomiki.

Wakaja madaktari, Rankin na Philip. Walipima damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakatafuta sumu kwenye chakula. Hawakupata kitu. Vipimo vyote vilikuwa vya kawaida, na hakuna aliyekufa. Mwaka 1963 walichapisha ripoti yao wakisema ni histeria ya kundi.

Kwa nini nakumbusha haya? Kwa sababu swali la Kashasha bado tunaliuliza kila mtu anapofanya jambo tusiloweza kulielewa: alikuwa ametumia nini? Marekani, kila baada ya mtu kuua wengi kwa risasi na yeye mwenyewe kufa, taifa zima husubiri majibu ya uchunguzi wa maiti, kama kulikuwa na dawa mwilini. Kwetu sampuli za namna hiyo huenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwaka 1999 wanafunzi wawili walifanya mauaji pamoja katika shule ya Columbine. Mmoja alikutwa na dawa ya sonona kwenye damu, ya kuandikiwa na daktari. Wa pili hakukutwa na dawa yoyote. Tendo lilikuwa moja, damu mbili tofauti! Ukitaka kuilaumu dawa, yule wa pili utamweleza vipi?

Msinielewe vibaya, sidharau maabara. Machi 2023 watu walipokufa kwa ugonjwa usiojulikana huko huko Bukoba, ni maabara iliyosema kwamba hiki ni kirusi cha Marburg, na mlipuko ukatangazwa kwisha mwezi Juni mwaka huo. Bila kipimo tungebaki na uvumi. Kipimo kinajibu vizuri sana swali lililomo ndani ya damu. Lakini yapo maswali ambayo hayamo humo.

Madaktari wale waliandika pia kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa na hofu kuna mtu anawakimbiza. Kwangu mimi hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko namba zote. Binti wa miaka 14, yuko bweni, mbali na mama yake, katikati ya sheria za misheni na matumaini makubwa ya nchi mpya, anasema anakimbizwa. Mwaka 2007 mtafiti Christian Hempelmann alikirudia kisa hiki na kusema kicheko kile hakikuwa furaha, bali dalili ya msongo. Ilichukua miaka 45 hoja hiyo kuwekwa wazi namna hiyo, na bado dunia inakisimulia kama utani.

Hata leo wanafunzi wetu wakianguka mashuleni, utasikia mapepo, utasikia wanaigiza. Daktari akisema vipimo viko sawa, tunafunga faili. Mimi naona hapo ndipo lingefunguliwa. "Hatujakuta kitu kwenye damu" maana yake ni moja tu: sasa kaa chini, muulize binti kinachomkimbiza.