Je, Wamormoni ni Wakristo? Swali la kanisani lililoingia hadi kwenye siasa za Marekani

Pengine umewahi kukutana nao mtaani: vijana wawili wawili, shati jeupe, tai shingoni na beji nyeusi kifuani yenye jina la Yesu Kristo. Ukiwauliza kama ni Wakristo, watakujibu ndiyo bila kusita. Ukimuuliza mchungaji au padri wako, huenda akakwambia hapana.

Nchini Marekani ubishi huu haukuishia kanisani. Umewahi kumfanya mgombea urais asimame mbele ya taifa zima kueleza anamwamini nani. Umewahi pia kumweka seneta mmoja karibu miaka minne bila uhakika kama kiti chake kitabaki chake.

Sasa, mzizi wa ubishi ni nini? Na una uzito gani mtu anapokwenda kupiga kura?

Ni akina nani hasa?

Jina lao rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York, Aprili 6, 1830. Leo linasema lina waumini zaidi ya milioni 17 duniani, na makao yake makuu yako Salt Lake City, jimbo la Utah.

Neno "Mormoni" limetoka kwenye Kitabu cha Mormoni, ambacho Smith alisema alikitafsiri kutoka kwenye mabamba ya dhahabu aliyoonyeshwa na malaika. Mwaka 2018, rais wa kanisa hilo wakati huo, Russell Nelson, aliwaomba watu waache kutumia jina Mormoni na walitaje kanisa kwa jina lake kamili. Sababu yake ilikuwa kwamba jina hilo la utani linamwondoa Yesu Kristo kwenye jina la kanisa. Hata hivyo, watu wengi bado wanalitumia.

Wenyewe wanasemaje?

Kwao hakuna mjadala. Wanaamini Yesu ni Mwana wa Mungu, alizaliwa na bikira, alikufa kwa ajili ya dhambi za watu na akafufuka. Wanasoma Biblia, wanabatiza kwa kuzamisha majini, na wanasherehekea Krismasi na Pasaka.

Utafiti wa taasisi ya Pew uliofanywa mwaka 2011 ulionyesha asilimia 97 ya Wamormoni Marekani wanasema dini yao ni ya Kikristo. Lakini Wamarekani kwa jumla walipoulizwa mwaka huohuo, ni asilimia 51 tu waliokubali. Asilimia 32 walikataa.

Kwa nini wengine wanakataa?

Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni Utatu. Makanisa mengi, kuanzia Katoliki na Othodoksi hadi Lutheri, Anglikana na Pentekoste, yanafuata imani iliyowekwa kwenye Mtaguso wa Nikea mwaka 325: Baba na Mwana ni Mungu mmoja, wa asili moja. Wamormoni wanasema Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizotengana kabisa, ila wana nia moja. Wanafundisha pia kwamba Mungu Baba ana mwili wa nyama na mifupa.

Ya pili ni maandiko. Mbali na Biblia, wana vitabu vingine vitatu wanavyovihesabu kuwa maandiko matakatifu, na wanaamini Mungu anaendelea kutoa ufunuo kupitia nabii aliye hai. Kwa Mkristo anayeamini Biblia peke yake, hilo ni gumu kulimeza.

Ya tatu ni madai yao kwamba kanisa la mwanzo lilipotoka baada ya mitume kufa, na Smith ndiye aliyelirejesha. Yaani wao pia wana mashaka na makanisa mengine. Mkatoliki akihamia kwao, anabatizwa upya.

Na Vatican nayo ina msimamo wake. Juni 2001 ilitamka kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali, ingawa inautambua ubatizo wa makanisa mengi ya Kiprotestanti. Maneno yanaweza kufanana, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, lakini kwa Vatican maana iliyo nyuma yake si ileile.

Kwa hiyo jibu linategemea kipimo unachotumia. Kama Mkristo ni mtu anayemkiri Yesu kuwa mwokozi wake, wamo. Kama ni lazima akubali imani ya Nikea, hawamo, na wala wao hawadai kuikubali.

Siasa ziliingiaje?

Ziliingia mapema, tena kwa damu.

Mwaka 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Amri hiyo ilikuja kufutwa rasmi mwaka 1976, miaka 138 baadaye!

Wakiwa wamekimbilia Illinois, Smith aliamua kugombea urais mwaka 1844. Hakufika siku ya uchaguzi. Juni 27 mwaka huo, kundi la watu wenye silaha lilivamia jela ya Carthage alikokuwa ameshikiliwa na kumuua pamoja na kaka yake Hyrum. Wafuasi wengi wakamfuata Brigham Young kuelekea magharibi, na mwaka 1847 wakafika bonde ambalo leo ni Salt Lake City.

Huko nako hawakuachwa. Tatizo safari hii lilikuwa ndoa za wake wengi. Chama cha Republican, katika ilani yake ya mwaka 1856, kiliziweka ndoa hizo kundi moja na utumwa na kuziita mambo ya kishenzi. Kanisa lilitangaza kuziacha mwaka 1890, na Utah ikakubaliwa kuwa jimbo mwaka 1896.

Hata hivyo mashaka hayakuisha. Reed Smoot, mmoja wa mitume wa kanisa hilo, alipoingia Seneti mwaka 1903, maseneta walianza kuchunguza kama mtu wa imani yake anaweza kuwa mtiifu kwa taifa. Suala lilivutwa hadi Februari 1907 ndipo akathibitishwa kubaki. Smoot alikuwa Republican, chama kilekile cha ile ilani ya 1856.

Mtihani wa Romney

Katiba ya Marekani, Ibara ya 6, inakataza kumpima mtu kwa dini yake ili apewe cheo cha umma. Lakini mpiga kura hafungwi na ibara hiyo. Akiwa mbele ya karatasi ya kura, anaweza kupima anachotaka.

Mitt Romney aliliona hilo alipowania tiketi ya Republican kwa mara ya kwanza. Desemba 2007, akiwa Texas, alitoa hotuba maalumu kuhusu imani. Alisema anaamini Yesu ni Mwana wa Mungu na mwokozi wa wanadamu, lakini akakataa kuwa msemaji wa mafundisho ya kanisa lake. Katika hotuba nzima neno "Mormoni" alilitaja mara moja tu. Wengi walikumbuka hotuba ya John F. Kennedy, Mkatoliki, aliyewaeleza wachungaji wa Kiprotestanti mjini Houston mwaka 1960 kwamba hatapokea amri kutoka kwa Papa.

Romney alishindwa safari hiyo. Aliporudi, mchungaji Robert Jeffress wa Dallas alisema hadharani, Oktoba 2011, kwamba Romney si Mkristo na kwamba Umormoni ni dhehebu potofu.

Lakini subiri. Romney alipopata tiketi ya chama mwaka 2012, Jeffress huyohuyo alimuunga mkono dhidi ya Barack Obama. Mhubiri maarufu Billy Graham alikutana naye Oktoba mwaka huo, na baada ya hapo tovuti ya shirika la Graham ikaondoa maelezo yaliyouweka Umormoni kwenye orodha ya madhehebu potofu.

Romney alipata asilimia 47 ya kura zote na akashindwa. Ila kwa Wakristo wazungu wa kiinjili, karibu wanane kati ya kumi walimpigia, sawa na waliompigia George W. Bush mwaka 2004. Mafundisho hayakuwa yamebadilika hata nukta. Kilichobadilika ni mpinzani aliyekuwa mbele yao.

Kura yao wenyewe inaenda wapi?

Kwa miongo mingi Wamormoni wamekuwa miongoni mwa wapiga kura waaminifu zaidi wa Republican. Si wote lakini: Harry Reid, aliyeongoza Wademocrat katika Seneti kwa miaka kadhaa, alikuwa Mmormoni.

Mwaka 2016 kulitokea ufa. Donald Trump alishinda Utah kwa takribani asilimia 45 tu, wakati Romney alikuwa amepata zaidi ya 70 miaka minne kabla. Evan McMullin, Mmormoni aliyegombea kama mgombea huru, alichukua karibu asilimia 21.

Februari 2020 Romney, sasa akiwa seneta, alipiga kura ya kumtia Trump hatiani kwa matumizi mabaya ya madaraka. Akawa seneta wa kwanza katika historia kupiga kura kama hiyo dhidi ya rais wa chama chake. Alieleza kwamba alikuwa amekula kiapo mbele ya Mungu.

Kanisa lenyewe linasema haliungi mkono chama wala mgombea yeyote. Lakini haliko nje ya siasa kabisa: mwaka 2008 liliwahimiza waumini California kuunga mkono kura ya kupiga marufuku ndoa za jinsia moja.

Na huku kwetu?

Mwafrika ana swali lake la ziada. Hadi Juni 1978, wanaume weusi hawakuruhusiwa kupata ukuhani katika kanisa hili. Leo lina hekalu Kinshasa, lililowekwa wakfu mwaka 2019, na jingine Nairobi. Kitabu cha Mormoni kipo kwa Kiswahili.

Kwa hiyo ubishi huu utaendelea kugonga hodi hapa pia, ndani ya familia na kwenye vikao vya ndoa. Ni haki ya kanisa kuamua nani anashiriki meza yake. Lakini historia ya Marekani inaonyesha kilichotokea serikali ilipojaribu kuamua swali hilohilo: watu walifukuzwa makwao. Na wapiga kura walipolishika, wengi walilisahau mara tu walipomhitaji mgombea.