Muiri Kwenye Chupa

Wadau, kuna mti uliowasaidia wazee wengi wa Ulaya kukojoa bila taabu, na nadhani wengi wao hawajui hata unaota wapi. Wakikuyu wanauita muiri. Unaota misitu ya milimani, kuanzia Kameruni hadi Kenya, Tanzania na Madagaska. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya dawa ya tezi dume itokanayo na gome lake. Tangu hapo mapanga hayakupumzika. Kule Kameruni miti ilibambuliwa mzunguko mzima, ikafa imesimama. Mwaka 1995 mkataba wa CITES ukaanza kuidhibiti biashara hiyo.

Utaniambia, si tuhifadhi mbegu? Mbegu za muiri si mahindi. Hazikai ghalani miaka na miaka. Kwa kawaida zinakufa baada ya miezi michache tu. Ndiyo maana watu wakageukia maabara.

Na historia ya maabara hizo ina vituko. Haberlandt aliwaza mwaka 1902 kwamba seli moja ya mmea ingeweza kukuzwa hadi iwe mmea mzima, ila seli zake ziligoma hata kugawanyika. Mwaka 1955 kundi la Folke Skoog, Msweden aliyewahi kukimbia mita 1,500 kwenye Olimpiki ya 1932, likapata kinetini, homoni inayoamsha machipukizi. Waliitoa wapi? Kwenye DNA kuukuu ya manii ya samaki. Sitanii! Mwaka 1962 Skoog na mwanafunzi wake Murashige wakachapisha mchanganyiko wa madini wa kulishia vipande vya mmea ndani ya chupa. Walikuwa wanahangaika na tumbaku, lakini mchanganyiko huo unatumika hadi leo kwa mimea chungu nzima, ya dawa ikiwemo. Naye Mjapani Akira Sakai alionyesha mwaka 1960 kwamba vijiti vya miti vinaweza kugandishwa kwenye nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na bado vikachipua.

Mimi linalonisumbua ni hili. Chipukizi moja likizaa miche elfu, yote ni pacha: ugonjwa unaoua mmoja unaweza kuua yote. Tena gome la muiri halina nguvu sawa kila mahali. Wa Kameruni si wa Kilimanjaro. Sasa nani anachagua mti mama? Ukikatwa ule ulio karibu na barabara kwa sababu gari la utafiti linafika, misitu mingine yote inabaki nje ya chupa, na huko panga bado linafanya kazi.