RAM na kodi za simu: namna hesabu inakata uniti za mteja

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wateja wengi wa simu hawapokei fakture mwisho wa mwezi. Mtu ananunua uniti kwanza, kisha anapiga simu. Kwa hiyo kile ambacho serikali inakata hakionekani kwenye karatasi yoyote. Mteja anashtuka tu pale uniti zinaisha mbele ya wakati. Ndiyo maana RAM ilizua kelele kubwa katika inchi nzima.

RAM ilikuwa nini?

Ni kifupi cha Kifaransa, Registre des Appareils Mobiles, maana yake rejista ya simu za mkononi. Ilianza Septemba 2020 chini ya ARPTC, ofisi ya serikali inayosimamia posta na mawasiliano, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2002. Lengo lililotangazwa ni kutambua simu za wizi na za bandia kwa njia ya IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#.

Hesabu yake

Simu ndogo ya 2G ililipa dola 1 kwa mwaka. Simu ya 3G ao 4G ililipa dola 7. Pesa hazikukatwa mara moja, bali kwa awamu sita. Ukigawa 7 kwa 6 unapata karibu dola 1,17 kwa kila awamu. Wakati ule dola 1 ilikuwa karibu franka 2000, basi awamu moja ilikula karibu franka 2300. Aliyeweka uniti za franka 1000 aliona zote zimeenda, na deni bado liko.

Tena hesabu ilifuata chombo, hapana mtu. Mwenye simu mbili za 4G alihesabiwa dola 14 kwa mwaka.

Kwa nini mdogo aliumia zaidi?

Kwa sababu RAM haikuwa asilimia, ilikuwa kiasi kimoja kwa wote. Tuchukue mama muuzaji sokoni anayeweka uniti za dola 2 kwa mwezi: kwa mwaka ni dola 24. Dola 7 za RAM ni karibu asilimia 29 ya pesa yake ya simu. Mfanyabiashara anayeweka dola 20 kwa mwezi anafikisha dola 240 kwa mwaka. Kwake dola 7 zilezile hazifiki hata asilimia 3.

Mwaka 2021, vijana wa Lucha na mashirika mengine ya kiraia walipinga makato hayo. Bungeni, waziri Augustin Kibassa Maliba aliombwa maelezo juu ya pesa hizo. Mwanzoni mwa mwaka 2022 serikali iliondoa RAM.

Na kodi zilizobaki?

RAM iliondoka, lakini kodi za asilimia ziko palepale. Ziko mbili: accise ya asilimia 10 kwenye huduma za mawasiliano, na TVA ya asilimia 16. Hizi zinahesabiwa moja juu ya nyingine. Mfano, huduma ya franka 1000 bila kodi:

- accise: asilimia 10 ya 1000 = franka 100
- jumla ya kwanza: franka 1100
- TVA: asilimia 16 ya 1100 = franka 176
- bei ya mwisho: franka 1276

Wengi wanajumlisha 10 na 16 na kusema ni asilimia 26. Kumbe ni 27,6, kwa sababu TVA inakata pia juu ya accise. Ukitaka kurudi nyuma, gawa bei uliyolipa kwa 1,276. Katika franka 1000 zilizolipwa na kodi ndani, karibu 784 ni za huduma, 216 ni za serikali.

Mteja afanye nini?

Aangalie salio mbele ya kuweka uniti na nyuma yake, aandike saa, na asifute ujumbe wa kampuni. Kukiwa na makato yasiyoeleweka, aanze kwa kampuni yake ya simu. Asipopata jibu, malalamiko yanaweza kupelekwa ARPTC, maana kulinda watumiaji ni moja ya kazi zake. Bila tarehe, saa na kiasi kilichokatwa, ni vigumu malalamiko hayo kufuatiliwa.