Maneno ya idadi na kiasi katika Kiingereza

Maneno ya idadi na kiasi katika Kiingereza ni maneno kama "many", "much", "few", "little" na "some", ambayo hutangulia nomino ili kuonyesha wingi au uchache wa kitu kinachotajwa. Baadhi hutumika na nomino zinazohesabika pekee, mengine na nomino zisizohesabika pekee, na mengine na aina zote mbili. Kwa msemaji wa Kiswahili ugumu uko mahali pawili: kivumishi "-ingi" hufanya kazi ya "many" na "much" pamoja, na nomino inayohesabika kwa Kiswahili huenda isihesabike kwa Kiingereza.

## Aina mbili za nomino

Nomino inayohesabika ina umoja na wingi, na huweza kuambatana na namba: "one bag", "two bags". Nomino isiyohesabika hutajwa bila kugawanywa katika moja moja: "water", "sugar", "rice". Haitanguliwi na "a" wala namba, na kitenzi chake huwa cha umoja. Mwanaisimu wa Denmark Otto Jespersen (1860–1943) aliijadili tofauti hii katika kitabu chake *The Philosophy of Grammar* cha mwaka 1924.

Kinachoamua ni sarufi ya lugha, si kitu chenyewe. Katika maduka ya nafaka ya Kariakoo, wilayani Ilala, Dar es Salaam, mchele na maharage hukaa katika magunia yanayopakana na hupimwa kwa mizani ileile. Punje za vyote viwili zingeweza kuhesabiwa na mtu mwenye subira. Hata hivyo Kiingereza huhesabu maharage, "beans", lakini hakihesabu mchele, "rice". Kwa hiyo husemwa "too many beans", lakini "too much rice".

## Mgawanyo wa maneno

* Nomino zinazohesabika: "many", "few", "a few", "fewer", "several", "each", "every". Mawili ya mwisho hufuatwa na nomino ya umoja.
* Nomino zisizohesabika: "much", "little", "a little", "less".
* Aina zote mbili: "some", "any", "a lot of", "plenty of", "enough", "more", "most", "all", "no".

"Much" hutumika zaidi katika maswali na sentensi za kukanusha, au baada ya "too" na "so". Katika sentensi ya kawaida ya kukubali, "a lot of" husikika vizuri zaidi: "We sold a lot of sugar."

Wasemaji wengi wa Kiingereza hutumia "less" hata kwa vitu vinavyohesabika. Upendeleo wa "fewer" ulitajwa na Mwingereza Robert Baker mwaka 1770, na baadaye ukafundishwa kama kanuni. Katika maandishi rasmi na mitihani ni salama kuufuata.

## Kulinganisha na Kiswahili

Kiswahili nacho kina sehemu ya tofauti hii. Mwenye duka huuliza "mifuko mingapi?" lakini "sukari kiasi gani?" Mnunuzi hujibu "mifuko michache" au "sukari kidogo". "Ngapi" na "-chache" hulingana na "how many" na "few". "Kiasi gani" na "kidogo" hulingana na "how much" na "little". Tofauti hupotea kwenye "-ingi", kwani husemwa "mifuko mingi" na vilevile "sukari nyingi".

Mwanafunzi mwenye shaka anaweza kuijaribu nomino kwa "-chache" na "kidogo". Njia hii husaidia mara nyingi, lakini si kila mara:

* "Shilingi ngapi?" kwa Kiingereza ni "How much is it?", kwa sababu kinachoulizwa ni bei. Hata hivyo shilingi zenyewe huhesabika: "many shillings", lakini "much money".
* "Maji", "mafuta" na "maziwa" huchukua upatanisho wa wingi: "maji yamemwagika". Kwa Kiingereza kitenzi ni cha umoja: "The water has spilled."
* "Mikate miwili" si "two breads" bali "two loaves of bread". "Sabuni mbili" ni "two bars of soap", na "karatasi mbili" ni "two sheets of paper".
* "Samani", "vifaa", "mizigo", "habari" na "ushauri" hutafsiriwa kwa "furniture", "equipment", "luggage", "information" na "advice". Katika Kiingereza sanifu maneno haya hayaongezwi "s" ya wingi. "News" huishia na "s", lakini ni umoja.
* "Muda mwingi" ni "much time", lakini "mara nyingi" ni "many times".

## Kuhesabu kisichohesabika

Kitu kisichohesabika huhesabiwa kupitia kipimo au chombo chake: "three kilos of sugar", "two litres of milk", "five sacks of rice". Kipimo ndicho kinachopokea namba na alama ya wingi. Kiswahili hufanya vivyo hivyo kikisema kilo tatu za sukari au madebe mawili ya unga. Pasipo kipimo maalumu, "piece" husaidia: "two pieces of advice".

## "Few" na "a few", "little" na "a little"

Herufi moja "a" hugeuza maana. "A few" na "a little" humaanisha kipo, ingawa si kingi. "Few" na "little" humaanisha ni haba, karibu na kukosekana. Mfanyabiashara wa Kariakoo akimwandikia mteja wa Zambia "We have a few bags left", anamwambia mifuko michache bado ipo, aagize. Akiandika "We have few bags left", mteja anaweza kuelewa kwamba mzigo umekaribia kwisha na kutafuta duka jingine.

Tofauti hii ina uzito pia shuleni, kwani wanafunzi wengi wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Katika maabara, "Add a little water" ni agizo la kuongeza maji kidogo. "There is little water" ni taarifa kwamba maji hayatoshi.

Kamusi za Kiingereza zilizoandikwa kwa ajili ya wanafunzi huonyesha nomino inayohesabika kwa herufi C na isiyohesabika kwa herufi U. Nomino yenye alama zote mbili hubadili maana: "chicken" huhesabika akiwa kuku mzima, lakini haihesabiki ikiwa nyama yake.

## Tazama pia

* Nomino
* Ngeli
* Kiingereza