Kuhuisha si kuotesha

Anayeumwa jino Sumbawanga, kama kwingineko Tanzania, mara nyingi husikia neno moja: kung'oa. Jino lililokwisha kutibiwa mzizi, kisha usaha ukarudi, huhukumiwa upesi zaidi. Kumbe mzizi hutibika tena: daktari huondoa kijazio cha zamani, husafisha mfereji ulio ndani ya mzizi na kuuziba upya. Tangu miaka ya 2000 imeenea njia nyingine, hasa kwa meno ya watoto ambayo mizizi yake haijakomaa: daktari huchokoza tishu zilizo nje ya ncha ya mzizi ili damu iingie mferejini, igande, na seli zikue humo.

Njia hii tuiiteje? "Kuotesha upya" kunavutia, lakini darubini imeonyesha kwamba mara nyingi kinachoota hufanana na mfupa au tabaka la nje la mzizi, si kiini laini cha awali cha jino. Nachagua "kuhuisha": uhai hurudi mferejini, bila ahadi ya jino jipya. Utasema mkulima wa Sumbawanga anahitaji huduma, si istilahi. Anahitaji vyote viwili. Huduma isiyo na jina ni vigumu kuidai. Kwa meno ambayo tiba ya mzizi ilishindikana, ushahidi wa kuhuisha bado ni mchache, hivyo kutibu upya kutangulie. Kabla hujakubali kung'olewa, muulize daktari: mzizi huu hautibiki tena?